Siku Mwenye Mlima Alipomhesabu Gonroku

Shemeji yangu Gonroku ni mtu wa maneno machache, na hata hayo machache huyatoa kama anayeng'olewa jino. Alipokuja kwetu kumposa mdogo wangu Sawano, alikaa tangu chai ya asubuhi mpaka chai ya jioni, macho darini, kimya. Mwishowe akasema, "Paa lenu linavuja." Akapanda, akaliziba, akaenda zake. Baba akamtazama anavyoteremka, akasema, "Huyo ndiye." Wakaoana.

Nyumba yake ndiyo ya juu kabisa hapa Kasugura. Ukisimama mlangoni pake unamwona mwewe mgongo. Kijiji chetu kimening'inia mlimani kama nguo kwenye kamba, na mashamba yamesimama wima hata mtu akipalilia soba, nafaka yetu nyeusi ya mlimani, hujifunga kamba kiunoni. Boga likikuponyoka, jirani wa chini anakuja jioni kukushukuru kwa zawadi. Mwaka mmoja boga la Gonroku lilibiringika, likapita mashamba yote, likavuka mto, na kwa ile kasi yake likapanda kilima cha ng'ambo, watu wa kule wakalila. Ukibisha, nenda kawaulize. Mbegu zake wanazo mpaka leo.

Wakati wa joto alilima soba na mtama. Theluji ikikaribia, alichoma mkaa. Alikaa mbele ya tanuri lake la udongo kama kuku anayeatamia, na mkaa wake ulikuwa mgumu hata ukigongana ulilia kama kengele. Mikono yake ilikuwa myeusi mpaka viwikoni. Kabla ya harusi mama yake alimsugua kwa maji ya moto na pumba za mpunga kutwa nzima. Kilichotoka ni ngozi, weusi ulibaki.

Sasa, mchoma mkaa hukata miti, na miti ina mwenyewe. Mwenyewe ni mwanamke. Jina lake hatulitaji, tunamwita Mwenye Mlima, basi. Sura yake mbaya, naye analijua hilo, ndiyo maana hapendi mwanamke mzuri apite chini ya miti yake. Wanaume wakiingia msituni humchukulia samaki mkavu wa baharini anayeitwa okoze, samaki aliyeumbwa jioni, mikono ya muumbaji ikiwa imechoka. Mwenye Mlima akimwona, anafurahi kwamba kuna kiumbe kinachomshinda kwa ubaya, anacheka, na akicheka anasamehe.

Siku moja katika mwezi wa mwisho wa mwaka, Mwenye Mlima huhesabu miti yake. Siku hiyo shoka hulala. Haendi mtu kuokota hata kijiti. Atakayekutwa mlimani anahesabiwa pamoja na miti, na jua likizama hesabu inafungwa. Aliyemo ndani ya hesabu ni wake. Mpaka wake unajulikana na kila mtoto: penye moshi wa meko ni kijiji, pasipo moshi ni mlima. Ndiyo maana moto katika nyumba zetu hauzimwi. Usiku tunaufukia jivuni, asubuhi tunaufukua, toka babu wa babu.

Lakini watu waliondoka. Mmoja alifuata mtoto mjini, mwingine alifuata hospitali, mwingine alifuata wenzake tu. Na kila aliyeondoka alipanda mierezi kwenye shamba lake, maana kuacha shamba tupu ni aibu, watu watasema nini. Mierezi haikujua kwamba imepandwa kwa ajili ya aibu. Ikakua. Ikashuka kutoka juu, ikapanda kutoka chini, mpaka nyumba ya Gonroku ikabaki katikati yake peke yake.

Sawano alipofariki, mtoto wao wa pekee, Chizue, ambaye ameolewa Osaka na anauza miwani huko, alianza kumwambia baba yake ashuke akakae naye. Gonroku alijibu mara moja tu: "Mimi nitafia hapa." Chizue alilia kwenye simu, akaja, akafua, akapika, akarudi. Mwaka wa jana, majani yalipokuwa yanapukutika, alikuja tena akakaa siku kadhaa. Mimi wakati huo goti lilikuwa limenilaza, sikupanda. Kisha ukungu ukaziba kule juu, nikawa sioni hata pembe ya paa lake. Nilijua yupo kwa sababu hakuna aliyeniambia hayupo.

Basi ile siku ya kuhesabu ikafika. Nilikuwa nimekaa mekoni, miguu kwenye jivu la moto, nakaanga vibonge vya soba, nikasikia magurudumu yanalia krr krr kwenye mawe ya njia. Chizue, na lile begi lake la kuvuta.

"Mama mkubwa!" akaita toka nje. "Bado upo?"

"Nikifa mimi, nani atamcheka baba yako? Ingia, funga mlango, baridi haijaalikwa."

Hakukaa vizuri. Alikaa ukingoni kama mtu anayengoja basi. "Safari hii nampeleka," akasema. "Nimeshamwandalia chumba. Ameanguka ngazini, unajua? Hakukwambia."

"Baba yako hakuniambia hata alipooa. Kula kwanza. Utapanda kesho."

"Kesho kutwa natakiwa kazini."

"Leo hupandi, mwanangu. Leo anahesabu."

Chizue akanitazama kwa jicho lile wanalokuja nalo watu wa mjini, jicho la kumwangalia mgonjwa. "Mama mkubwa, siendi mlimani. Naenda nyumbani kwetu."

Nilitaka kumjibu, lakini ukungu ukapasuka. Huwa unapasuka hivyo mchana, kama mtu amesogeza pazia achungulie. Kule juu nikaliona paa la nyasi la Gonroku, limelala kati ya mierezi, jeusi, limeloa. Nikalitazama. Nikafuta macho kwa taulo, nikalitazama tena.

"Mbona kwenu hakuna moshi?"

"Hauhitajiki," akasema Chizue, na uso ukamng'aa. "Nilimnunulia hita ya mafuta. Daktari alisema ule moshi ndio unamkohoza. Meko nimeyafunika kwa mbao, nikagongelea misumari, nikaweka hita juu yake. Sasa ndani ni safi."

"Moto wenyewe?"

"Niliumwagia maji."

Vibonge vya soba vikaungua, nikaviacha viungue. "Na baba yako alisema nini?"

"Alisema asante."

Bila shaka alisema asante. Alichopewa na mtoto hakirudishwi. Angepewa jiwe angelichemsha akanywa supu yake. Na leo, kama mtu mwenye adabu zake, ametii mila, amekaa nyumbani asiingie mlimani. Hakujua kwamba mlima ndio umeingia kwake.

"Simama," nikamwambia Chizue. "Begi liache."

Nilichukua chungu cha chuma chenye mshikio, nikachota makaa ya moto kutoka mekoni kwangu, nikayalaza juu ya jivu, nikayafunika majani mabichi ya msonobari. Moshi ukapanda mzito, mweupe, wa kuchoma macho. Nikampa abebe.

"Ukiona unafifia, puliza. Penye moshi ni kijiji. Sisi wawili leo ni kijiji kinachotembea."

"Mama mkubwa, una akili timamu?"

"Sina. Puliza."

Tukapanda. Ukungu ulikuwa umerudi ukafunga nyuma yetu kama mlango. Ndani ya mierezi hapakuwa na upepo, wala ndege, wala maji; hata theluji chini ya miguu haikulia. Mierezi imesimama safu kwa safu, jinsi ilivyopandwa, na kati ya safu na safu giza dogo la mchana. Goti langu lilinikumbusha kila jiwe. Tulipofika palipokuwa shamba la kina Senji, ndipo nilipoisikia.

Ko.

Kimya. Halafu tena, mbali, upande wa juu. Ko.

"Kigogota," akasema Chizue.

"Kigogota gani huyo anayegonga mara moja kila mti, na haruki hata mmoja?"

Chizue alipuliza chungu bila kuambiwa.

Nyumba ya mzee Torazo ilikuwa imelala kifudifudi, paa limekaa chini. Uani pake pamesimama mwerezi mnene ambao hakuna mtu anayekumbuka kuupanda. Chizue alisimama akainua uso. Juu, juu sana, mundu mmoja wa kutu ulikuwa umekwama kwenye shina, umezungushiwa kipande cha kamba.

"Wa nani ule?"

"Wa mzee Torazo, yule aliyepotea siku ya kuhesabu."

"Aliutundika juu vile?"

"Hakuutundika," nikasema. "Alikuwa ameufunga kiunoni."

Kutoka hapo alinishika mkono, hakuuachia.

Tukamkuta Gonroku mlangoni. Alikuwa amesimama juu ya kizingiti, mkono mmoja kwenye nguzo ya mlango, uso umeelekea mierezi. Hana koti. Theluji ilikuwa imekaa mabegani pake, na haikuyeyuka, imekaa tu, kama inavyokaa kwenye tawi. Ndani, hita ilikuwa inanguruma yenyewe, na mwanga wake mwekundu haukufika mlangoni.

"Baba! Unafanya nini nje?"

Macho yake yalikuja kwetu polepole, uso haukuyafuata. Akasema, "Nimesimama."

"Ingia ndani, utakufa na baridi!"

"Siwezi. Nimehesabiwa."

Chizue akaweka chungu chini, akamshika kiuno, akamvuta. Gonroku akalia. Si kwa mdomo. Alilia kiunoni, krrii, kama mti unaposukumwa na upepo. Chizue akamwachia kwa hofu. Alipotazama mikono yake, ilikuwa inanata. Akainusa. Mimi sikuhitaji kunusa. Harufu ya utomvu ilikuwa imenifikia nilipo.

"Shemeji," nikasema, "nani amekwambia utoke nje leo, mzee mzima?"

"Nilifungua mlango nitundike vibonge vya sadaka. Akanigusa bega." Akapumzika. "Akasema namba. Akapita."

"Namba gani?"

"Kubwa."

"Hata ungenitajia nisingeijua. Hesabu yangu inaishia vidoleni."

Wallahi, nadhani alitabasamu. Ngozi ya shavu ilipasuka kidogo, mstari mmoja wa wima. "Nui," akaniita kwa jina, "goti haliumi. Mgongo hauumi." Macho yakahamia kwa mwanawe. "Na Osaka siendi tena."

Chizue akapandwa na hasira, ile ya mtu aliyekuja mbali. "Ndicho ulichokuwa unataka, basi? Uwe mti, ili mradi usikae na mimi?"

Hapo Gonroku alinyamaza, nami namjua, zile namna zake za kunyamaza zina majina. Nyingine ni ya ukaidi, nyingine ni ya njaa. Hii sikuwahi kuisikia.

"Nilitaka nife kwangu," akasema. "Hii si kufa, Chizue. Torazo yuko pale macho." Midomo ilikuwa inakakamaa. "Huku ndani kuna baridi. Nitoe."

Ko, ikasema mierezi. Karibu kuliko mwanzo. Jua nyuma ya ukungu lilikuwa limekuwa la rangi ya kiini cha yai, na lilikuwa linateremka. Mwenye Mlima alikuwa amefika kileleni akarudi. Sasa alikuwa anakuja kufunga hesabu.

"Okoze yuko wapi?" nikamuuliza Chizue. "Samaki wenu. Anakaa juu ya nguzo kuu, kwenye karatasi."

"Samaki?" Akafunika mdomo. "Kile kitu chenye macho yaliyotoka? Nilidhani ni panya amekaukia. Nilikitupa nilipofagia."

"Umetupa okoze."

"Kilikuwa kinanuka, mama mkubwa!"

"Kazi yake ni ipi sasa, kunukia?" Lakini hapakuwa na wakati wa kugombana. "Sikiliza. Ingia ndani, toa hiyo hita, ng'oa mbao zako, washa meko. Makaa haya hapa. Nataka moshi, siyo moto. Moshi utoke kwenye nyasi za paa mpaka mwewe akohoe. Usitie mkaa wa baba yako, mkaa wake ni mzuri mno, hauna moshi."

"Kuni ziko wapi?"

"Si mbao hizo?"

Akaingia mbio. Nikasikia misumari inapiga kelele, mbao zinapasuka, Chizue anatukana maneno aliyoyaacha hapa alipokuwa msichana. Chungu alikwenda nacho. Kwa hiyo mimi nilibaki nje bila moshi, na kila mtu anajua nje bila moshi ni wapi.

Nilitembea mpaka ukingo wa ua, pale mwerezi wa kwanza unapoanza. Nikavua taulo kichwani, nikalegeza nywele zangu hizi, ambazo hata kunguru asingejengea kiota. Ko, upande wa kulia. Ko, mti uliofuata. Kisha ko haikuja. Palikuwa na ukungu kati ya miti miwili mbele yangu, na ukungu ule ukawa mzito kuliko mwingine. Pakanuka kuvu na maji ya chini ya jiwe. Mtu akikutazama unajua, hata kama huoni macho.

Nilikuwa naogopa. Sitadanganya hapa, japo kwingine kote huwa nadanganya.

Nikasema, "Mwenye Mlima, shikamoo. Sisi kwetu tulikuwa dada wawili. Yule mzuri alikuwa Sawano, ulipomwona ukanuna mwaka mzima, mkaa haukuiva. Mimi ni yule mwingine."

Na nikamtolea uso. Si kila mtu anaujua uso huo. Meno yalikuwa yamenibakia mawili, moja juu, moja chini, hayajawahi kusalimiana. Nikanyonya midomo ndani mpaka pua ikapumzika juu ya kidevu. Nikageuza jicho moja liangalie bonde, jingine liangalie sikio. Nikavuta mashavu chini kwa vidole, nikatoa ulimi pembeni. Marehemu mume wangu niliwahi kumfanyia hivyo mara moja, akahamia ghalani mpaka mavuno.

Kimya. Kimya kikaendelea. Nikaanza kusikia ubaridi unapanda nyayoni, si baridi ya theluji, ni baridi inayotoka chini na inajua inakokwenda. Nikasema moyoni, basi Nui, leo umependeza.

Ndipo akacheka.

Siwezi kuiga kicheko kile. Kilianzia ardhini. Mierezi yote ikatikisika kwa pamoja, na theluji yote iliyokuwa kwenye matawi, mlima mzima, ikaanguka kwa mara moja, pwaaa, ikanizika mpaka kifuani. Mawe yaliporomoka ng'ambo ya mto. Watu wa kule wanasema lilikuwa tetemeko. Waache waseme. Kicheko kikapanda, kikakatika kwa kwikwi, kikaanza tena, na kilipokwisha pakawa na ukimya wa mtu anayejiuliza: nilifika wapi vile?

Amepotewa na hesabu. Muda ukapita. Kisha mbali, kule kileleni kabisa, mti wa kwanza ukagongwa upya. Ko.

Nilijichimbua kwenye theluji, nikarudi uani natambaa. "Chizue! Moshi!"

"Unakuja!" Sauti yake ilikuwa imejaa kikohozi. "Hizi mbao zina rangi, zinanuka!"

"Ndivyo inavyotakiwa!"

Ko, ko, ko. Safari hii alikuwa na haraka, jua lilikuwa limebaki kipande. Alishuka safu kwa safu. Akapita kwenye tanuri. Nikamshika Gonroku mkono mweusi; ulikuwa mgumu kama mpini. Macho yake yalikuwa mlangoni mwa nyumba yake, kule ndani ambako mwanawe alikuwa amepiga magoti anapuliza, nywele zimejaa jivu la babu wa babu. Mwerezi wa mwisho nje ya ua ukagongwa. Nikasikia theluji ya uani inabonyea, hatua moja, bila mguu.

Na moshi ukatoka. Ulitoka kwenye nyasi za paa lote, kama jasho kwenye mgongo wa ng'ombe, ukateremka ukutani kwa sababu ya unyevu, ukafika kizingitini, ukamzunguka Gonroku kifundo mpaka goti, goti mpaka kifua. Akakohoa. Sijawahi kufurahia kikohozi kama siku ile.

Ile hatua ilisimama. Ilisimama muda wa mtu kunywa kikombe cha chai. Kisha theluji ikabonyea upande mwingine, na ko ikasikika chini kwenye shamba la kina Senji, ikaendelea kushuka, jua likazama.

Gonroku akaanguka ndani chali, moja kwa moja, kama mti uliokatwa. Tulimviringisha mpaka mekoni. Ndara zake za nyasi zilibaki kizingitini. Chizue alipojaribu kuziokota hazikutoka. Ilibidi akate kwa kisu, maana chini zilikuwa zimetoa nyuzi nyeupe nyembamba zilizoingia kwenye jiwe.

Alipoweza kusema, jambo la kwanza alisema, "Mmechoma mbao nzuri."

Chizue akacheka na kulia kwa pamoja. "Sikupeleki Osaka, baba. Nimekoma. Kaa hapa mpaka utakapochoka."

Chizue alipiga simu kazini akasema baba mgonjwa, akabaki mpaka theluji ilipoyeyuka. Kila asubuhi alifukua moto mwenyewe. Lakini mguu wa kushoto wa Gonroku haukurudi sawasawa. Ni mzito, na majira ya mvua hupata ukungu wa kijani kisiginoni, inabidi kuusugua. Siku moja kabla Chizue hajaondoka, maua ya kwanza yalipotoka, alijaribu kupasua kuni, akashindwa, akaweka shoka chini. Akasema, "Moto unataka mtu mzima. Mimi nimebaki nusu. Nitashuka."

"Osaka?" akauliza Chizue, taratibu, kama mtu anayemkaribia ndege.

"Kwa Nui."

Hakuniuliza mimi. Akachota makaa yake kwenye chungu kilekile, akashuka akichechemea na moshi wake, akamimina moto wake juu ya moto wangu. Hiyo ndiyo posa ya pili aliyofanya maishani, na safari hii hata paa hakulitaja. Shemeji na shemeji chini ya paa moja! Vijiji vya chini vilisema mpaka vikachoka. Kwa umri wetu, kusengenywa ni heshima.

Mwaka huu siku ya kuhesabu ilipofika, tulikaa mekoni sote watatu. Chizue alikuja na basi la asubuhi, mapema. Tukasikiliza. Mwenye Mlima alipofika nyumba ya juu, ko zilibadilika sauti, zikawa za mbao kavu. Alikuwa anahesabu nguzo. Moja moja, za sebuleni, za ghalani, na ile nguzo kuu. Zilikuwa miti yake kabla hazijawa nyumba ya watu. Alikuwa anazirudisha kwenye hesabu. Gonroku alifumba macho. Kila nguzo ilipogongwa, mguu wake wa kushoto ulishtuka. Chizue aliuwekea mkono juu, akauacha hapo.

Kisha hatua zikaanza kushuka. Zilipita mierezi yote, hazikugonga. Zilikuja mpaka dirishani kwetu, penye moshi, zikasimama nje ya mpaka. Mguu wa Gonroku ukaanza kutetemeka wenyewe kuelekea mlangoni. Kuna namba moja haijampata mwenyewe, naye Mwenye Mlima hajaisahau.

Chizue alikuwa ameleta okoze, ametafuta masoko yote ya Osaka. Nilimtoa kwenye karatasi, nikamtazama vizuri. Alikuwa mzuri mno. Nikamweka kando, nikafungua dirisha, nikafanya kazi yangu.

Theluji ilianguka yote.

Muuguzi wa zahanati ya chini ananisumbua. Kila akipanda ananiambia, "Bibi Nui, meno ya bandia hayaumi, utakula hata figili, utapendeza." Mtoto mzuri, simgombezi. Namwambia anywe chai, anitazamie presha, aende zake kabla ya ukungu. Nikipendeza, Gonroku atahesabiwa.